Haki ya Kuwa na Wenzako: Funzo kutoka Kenya

Katika mfululizo huu wa Nchi Jirani tumekwisha kuzungumza juu ya mipaka, bandari, sarafu na chaguzi. Leo nakualika tuvuke mpaka na kuingia Kenya kwa ajili ya jambo ambalo katika eneo letu huzungumzwa ama kwa kunong'ona ama kwa kufoka, na mara chache sana kwa utulivu. Tutatazama jinsi Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa hailingani na wanavyojijua, walivyotafutana, wakapatana, na hatimaye wakaiomba serikali yao kitu kidogo: kuandikishiwa jina la shirika.

Nasema ni kitu kidogo, lakini ombi hilo lilichukua takriban miaka kumi, likapita katika mahakama tatu, na likawagawanya majaji wa ngazi ya juu kabisa. Sikuombi ukubaliane nami juu ya kila neno nitakaloandika. Nakuomba usome kama raia, yaani mtu anayetaka kujua sheria inasema nini, ilitoka wapi, na inamgusa nani.

Neno lililohama

Kwa kuwa wengi wenu mnajifunza Kiswahili, na tuanze na neno. Katika Kiswahili cha pwani, tangu zamani, mwanamke humwita mwanamke mwenziwe aliye rafiki wa karibu "shoga". Shoga ni mtu wa kuazimana kanga, kusukana nywele, kupeleka sahani ya chakula na kuirudisha ikiwa na kitu ndani yake. Baadaye neno hili lilihama. Leo, katika miji mingi, hutumiwa kumtaja mwanamume anayependa wanaume, na mara nyingi hutamkwa kwa dharau. Hivyo basi ukimsikia bibi wa Mombasa au Unguja akimwita jirani yake "shoga yangu", usishangae; anasema neno la mapenzi ya kijirani. Ukilisikia likirushwa barabarani, tambua kwamba limegeuzwa kuwa jiwe.

Ukitaka kusema kwa heshima, lugha inakupa njia. Waweza kusema "mtu anayependa watu wa jinsia yake" au "wapenzi wa jinsia moja". Kwa aliyezaliwa na maumbile ya jinsia zote mbili, lipo neno la kale, "huntha", ambalo limo katika vitabu vya sheria za Kiislamu tangu karne nyingi. Kwa jumla, vyombo vya habari vya Kiswahili siku hizi huandika "jamii ya LGBTQ". Kumbuka pia kwamba watu hawa, kama watu wengine wote, wamo katika ngeli ya A-WA: mtu anapenda, watu wanapenda. Sarufi imekwisha kuwapa nafasi yao.

Sheria iliyokuja kwa meli

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1930, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Uingereza. Haikuandikwa baada ya kuwauliza wazee wa Wakamba, Waluo, Wagiriama au Wasomali. Ilifuata kiolezo ambacho maofisa wa kikoloni walikisambaza katika makoloni mengi, na ambacho kilirithi mengi kutoka katika sheria ya jinai ya jimbo la Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Ndiyo maana ukisoma sheria za nchi kadhaa za Afrika zilizotawaliwa na Waingereza, utakuta maneno yanayofanana karibu neno kwa neno.

Kifungu cha 162 cha kanuni hiyo kinaharamisha tendo la ngono "kinyume na maumbile", na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 165 kinahusu vitendo vya aibu baina ya wanaume, na adhabu yake ni hadi miaka 5. Zingatia jambo moja, msomaji, kwa maana kesi nzima itakayofuata imejengwa juu yake: vifungu hivyo vinataja vitendo. Havisemi kwamba kuwa mtu wa namna fulani ni kosa, wala havisemi kwamba watu hao wakikaa pamoja na kuzungumza wamevunja sheria.

Tusiseme pia kwamba Afrika yote iko hivi au iko vile. Msumbiji ilitunga kanuni mpya ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2015, na makatazo ya zamani ya enzi ya Wareno hayakuwekwa tena ndani yake. Rwanda haina sheria inayoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Burundi haikuwa na katazo la wazi mpaka ilipoliweka mwaka 2009. Uganda, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 2023 sheria ambayo ni miongoni mwa zilizo kali kabisa duniani, yenye kifungo cha maisha, na hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Baadhi ya nchi hizi hupakana, hufanya biashara, na watu wake huoana. Lakini katika jambo hili kila moja ilichukua njia yake.

Mtoto asiye na wenzake nyumbani

Yafaa sasa tujiulize: kwa nini watu hawa walihitaji kuwa na shirika? Jibu langu ni hili. Mtoto wa Kikamba huzaliwa miongoni mwa Wakamba. Lugha yake anaikuta mdomoni mwa mama yake. Mtoto wa Kiislamu huongozana na baba yake msikitini, na mtoto wa Kikristo hukuta kiti chake kanisani kabla hajajua kusoma. Mtu wa kabila dogo au wa dini yenye wafuasi wachache aweza kuonewa barabarani, lakini akirudi nyumbani huwakuta waliokwisha kuonewa kama yeye, nao humfundisha namna ya kustahimili.

Mtoto anayetambua kwamba anapenda watu wa jinsia yake hana urithi huo. Mara nyingi yeye ni wa pekee mezani. Wazazi wake hawakupitia alipopitia, na huenda wao ndio anaowaogopa kuliko wote. Hajui kama yuko mwingine duniani. Wahenga walisema "mtu ni watu". Kwake yeye, watu hao hawapo nyumbani, ni lazima awatafute. Kwa hiyo haki ya kukutana, ambayo kwa wengi wetu ni jambo la ziada, kwake ni sharti la kwanza la kujua kwamba hayuko peke yake.

Nchini Kenya utafutaji huo ulianza kwa vikundi vidogo vya marafiki, vya kupeana habari za afya na za hifadhi. Mwaka 2006 baadhi ya vikundi hivyo viliungana na kuunda muungano unaojulikana kwa kifupi kama GALCK. Januari 2007, Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipofanyika Nairobi, katika uwanja wa michezo wa Kasarani, muungano huo ulisimamisha hema lake miongoni mwa mahema ya wakulima, vyama vya wafanyakazi na watetezi wa maji. Wenye kutaka kuuliza waliingia na kuuliza. Pengine kwa mara ya kwanza Wakenya wengi waliwaona majirani zao hawa mchana kweupe, wakijibu maswali kwa sauti zao wenyewe.

Lakini kuonekana kuna gharama. Februari 2010, huko Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, uvumi ulienea kwamba harusi ya wanaume wawili ingefanyika. Umati ulikivamia kituo cha utafiti wa afya ambako wanaume hao walikuwa wakipata ushauri na huduma za UKIMWI. Harusi haikuwapo. Kilichokuwapo ni watu waliopigwa na huduma iliyosimama. Tangu hapo shirika la PEMA Kenya, lenye makao yake Mombasa, limejitahidi kukaa meza moja na masheikh na wachungaji. Si mazungumzo ya kubadilishana dini, ila ya kuonana nyuso, kwa sababu ni vigumu zaidi kuwachochea watu wamvamie mtu ambaye umekwisha kunywa naye chai.

Hadithi zilizokusanywa

Mwaka 2013 kikundi cha wasanii wa Nairobi kiitwacho The Nest kilianza kuzunguka sehemu mbalimbali za nchi kikirekodi simulizi za maisha za watu hawa. Wasimuliaji hawakutajwa majina. Kutokana na simulizi hizo kikundi kilitengeneza filamu yenye visa vitano, isiyo na rangi ila nyeusi na nyeupe, iliyoitwa Stories of Our Lives. Filamu hiyo ilioneshwa Toronto mwaka 2014. Nyumbani, bodi inayoainisha filamu iliizuia isioneshwe, na mmoja wa watayarishaji wake, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Baadaye simulizi zilichapishwa kuwa kitabu.

Fikiri, msomaji, kazi inayofanywa na mkusanyo wa namna hiyo. Anayeishi Kitui aliyedhani yuko peke yake anasoma kisa cha mtu wa Kisumu na kukuta hofu yake mwenyewe imeandikwa: namna ya kupima maneno mezani, kufuta ujumbe katika simu, kumtambulisha umpendaye kwa jina la "binamu". Hajawahi kumwona mtu huyo wala hatamwona. Hata hivyo, amepata mwenzake.

Jina katika cheti

Kwa wengine vita vilikuwa vya jina lao binafsi. Audrey Mbugua, mwanamke aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa, alikuwa na cheti cha mtihani wa shule ya sekondari chenye jina ambalo halikulingana tena na mtu aliyekishika. Kila alipoomba kazi ilimbidi aeleze maisha yake yote kwa mtu asiyemjua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya kisicho na alama ya jinsia. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliiamuru pia bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali iliandikishe shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Mbugua alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Aidha, katika sensa ya Agosti 2019, Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza. Walioandikwa walikuwa 1,524. Huenda wengi zaidi hawakujitaja, lakini serikali ilikuwa imekubali kwamba karatasi yake ya kuhesabia watu ilikuwa na nafasi iliyokosekana.

Mwandishi na mama yake

Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43, mwandishi Binyavanga Wainaina alichapisha insha fupi aliyoieleza kuwa sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu. Binyavanga, mzaliwa wa Nakuru, alikuwa mshindi wa Tuzo ya Caine ya mwaka 2002 na mwanzilishi wa jarida la Kwani?, lililowalea waandishi wengi wa kizazi chake. Katika insha hiyo anajiona amekaa kando ya kitanda cha mama yake hospitalini, akimwambia jambo ambalo hakupata kumwambia akiwa hai: kwamba yeye anapenda wanaume. Kwa kweli mama yake alikwisha kufariki mwaka 2000, na mwana hakuwapo. Ndiyo maana insha inauma. Wakati wa kusema ulikuwa umepita, naye akausema mbele ya dunia nzima.

Hakuwa Mkenya wa kwanza kujitambulisha hivyo, lakini alikuwa mtu ambaye vitabu vyake vilisomwa na wazazi wa watu. Wapo waliomlaani, na wapo vijana waliopata kwa mara ya kwanza jina la mtu mzima, msomi, Mkenya, waliyeweza kusema juu yake: huyu ni wa kwetu.

Kesi ya jina moja

Na sasa tufike kwenye kesi yenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2013 wakili Eric Gitari aliiomba Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali imhifadhie jina la shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Alipeleka jina zaidi ya moja. Bodi iliyakataa yote, ikisema hayakubalika kwa sababu Kanuni ya Adhabu inaharamisha mapenzi ya jinsia moja. Gitari akaenda Mahakama Kuu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 36, inampa kila mtu haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake. Hapa ndipo somo la sarufi linapogeuka kuwa somo la uraia. Mmefundishwa kwamba neno "kila" halibadiliki: kila mtu, kila kitabu, kila nchi. Vivumishi vingi hufuata ngeli; "kila" haliulizi ngeli wala hali. Swali lililokuwa mbele ya majaji ni kama katika Ibara hiyo, "kila mtu" ni kila mtu kweli, au ni kila mtu tunayempenda.

Tarehe 24 Aprili 2015 majaji watatu wa Mahakama Kuu walijibu kwamba ni kila mtu. Walieleza kwamba Kanuni ya Adhabu haikuharamisha kuwa na mwelekeo fulani wa mapenzi wala kuunda chama, na kwamba maadili ya walio wengi hayatoshi kumnyima mtu haki iliyomo katika Katiba. Bodi ilikata rufaa. Machi 2019 Mahakama ya Rufaa ilimpa Gitari ushindi tena, safari hii kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Bodi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Shirika halikungoja likiwa limelala. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa huko Kwale, nao wakalazimishwa na maofisa kupimwa miili yao kwa namna ya kuwadhalilisha ili upatikane ushahidi wa ngono. Mawakili wa shirika waliwasimamia. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyokuwa ikikaa Mombasa iliamua kwamba vipimo hivyo vya lazima vinavunja Katiba. Jiulize, msomaji: watu wawili kama hao wangefikaje mahakama ya rufaa wakiwa peke yao?

Rafiki

Mwaka huo huo wa 2018 Wanuri Kahiu alitoa filamu aliyoiita Rafiki, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi ambao baba zao wanashindana katika uchaguzi. Chanzo chake ni hadithi fupi "Jambula Tree" ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Tazama jinsi hadithi nayo ilivyovuka mpaka kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Jina la filamu ni neno la Kiswahili mnalolijua tangu somo la kwanza, na halikuchaguliwa bure: "rafiki" ndilo neno ambalo wengi hulitumia wanapomtambulisha wampendaye mbele ya watu.

Bodi ya filamu iliipiga marufuku mwezi Aprili. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuoneshwa katika tamasha rasmi la Cannes, Ufaransa. Mnamo Septemba, Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba tu, ili filamu iweze kupendekezwa kwa tuzo za Oscar. Kwa siku hizo saba kumbi za sinema za Nairobi zilijaa. Watu walipanga foleni, wakacheka na kulia pamoja gizani, na taa zilipowashwa wakatazamana. Kisha marufuku ikarudi. Wahenga walisema "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Kwa wengi waliokuwa ukumbini, siku saba zilitosha kuwaonesha idadi ya marafiki waliokuwa nao bila kujua.

Mei 2019

Kesi nyingine ilikuwa ikiendelea kando. Mwaka 2016 wanaharakati walikuwa wameiomba Mahakama Kuu ivifute vifungu vya 162 na 165. Hukumu iliahirishwa Februari 2019, ikapangwa kusomwa Mei.

Tarehe 21 Mei 2019 Binyavanga Wainaina alifariki jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 48. Siku tatu baadaye, tarehe 24 Mei, watu walijaa mahakamani Milimani. Majaji watatu, kwa kauli moja, walikataa ombi hilo. Walisema vifungu hivyo havimbagui mtu yeyote kwa kuwa vinahusu kila atendaye kitendo, na kwamba kuvifuta kungepingana na Katiba inayoitambua ndoa baina ya mwanamume na mwanamke. Nje ya mahakama wapo walioimba kwa furaha, na wapo waliokumbatiana wakilia. Wote walikuwa Wakenya, na wote walikuwa wamekuja kusikiliza Katiba ile ile ikisomwa.

Uamuzi wa 2023 na yaliyobaki

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa mwisho katika kesi ya jina. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema bodi ilikosea. Walieleza kwamba orodha ya misingi ya ubaguzi inayokatazwa na Ibara ya 27 ni ya mifano, haijafungwa, na kwamba neno jinsia katika orodha hiyo linabeba pia mwelekeo wa mapenzi. Majaji wawili walioachana na wenzao waliona kwamba kizuizi kilikuwa cha haki maadamu Kanuni ya Adhabu bado ipo. Ni vizuri kusoma pande zote mbili, kwa sababu mahakama yenye hoja zinazopingana waziwazi ni afadhali kuliko mahakama inayonyamaza.

Uamuzi ulizua kelele. Viongozi wa dini waliulaani, Rais alisema mila na dini za Wakenya haziruhusu mambo hayo, na mbunge Peter Kaluma akaiomba mahakama iupitie upya uamuzi wake. Septemba 2023 ombi lake lilitupwa. Mbunge huyo pia alikwisha kuandaa mswada wenye adhabu kali zaidi.

Kwa hiyo usidhani kwamba hadithi imekwisha kwa furaha. Nchini Kenya mtu anayependa watu wa jinsia yake ana haki ya kuwa mwanachama, kukodi ofisi, kufungua akaunti ya benki na kuitisha mkutano. Na jioni, akienda nyumbani kwake, kifungu cha 162 bado kinamngoja. Kuna pia wageni. Tangu Uganda ilipotunga sheria yake ya kwanza mwaka 2014, ambayo mahakama iliifuta mwaka ule ule kwa sababu ya akidi ya Bunge, Waganda kadhaa walikimbilia Kenya kuomba hifadhi, wengi wao wakapelekwa katika kambi ya Kakuma. Walikimbia nchi inayowakataa wakaingia katika nchi inayowavumilia nusu, na kambini wengi walikutana na chuki ile ile waliyoikimbia.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, huenda unasoma makala hii ukiwa na imani ya dini inayokuelekeza tofauti, nami sikuiandika ili kuipuuza. Huenda pia unaisoma mlango ukiwa umefungwa, ukitaka kujua kama yupo mwingine. Kwa wa kwanza nasema: Katiba haikuamuru mtu yeyote abadili anachoamini, iliuliza tu kama jirani yake aweza kukaa na wenzake bila kuvunjiwa mlango. Kwa wa pili nasema: wapo. Wameandika vitabu, wametengeneza filamu, wamesimama mbele ya majaji, na majina ya baadhi yao sasa unayajua.

Tunaporudi darasani, tafakari maswali haya na uyajibu kwa Kiswahili sanifu:

1. Eleza tofauti kati ya kuharamisha kitendo na kumnyima mtu haki ya kujiunga na chama. Je, hukumu ya Mei 2019 na ile ya Februari 2023 zinapingana?

2. Ni kikundi gani katika nchi yako ambacho wanachama wake hulazimika kutafutana kwa sababu hawakuzaliwa pamoja? Sheria inawasaidia au inawazuia?

3. Tunga sentensi tatu ukitumia "kila mtu". Katika kila sentensi, jiulize ni nani ambaye msemaji angependa kumwacha nje, na kama sarufi inamruhusu.